Maniema: Nani amemleta mwandishi Kasongo na Kabambare?

Mwaka 1871, mtu mmoja aliyedhoofishwa na magonjwa alikuwa amekaa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ndani ya eneo ambalo leo ni wilaya ya Kasongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Wino pia. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, akaandika juu ya herufi zilizokwisha kuchapwa, kwa rangi aliyoitengeneza kutokana na mmea wa huku kwetu. Mtu huyo ni David Livingstone, mmisionari kutoka Scotland. Leo pengine tungemwita mwanablogu: hakuwa na ofisi ya gazeti nyuma yake, aliandika siku kwa siku yale aliyoyaona, na hakuwa na hakika kama maandishi yake yatafika kwao.

Tunaanza na yeye kwa sababu jambo lenyewe si geni kwetu. Siku hizi mashirika ya nje hualika wanablogu, huwalipia ndege na hoteli, na kuwapeleka nchi za mbali ili waandike kuhusu mazingira na maendeleo. Julai 2011, kwa mfano, shirika la ONE liliwapeleka Kenya akina mama wanablogu kutoka Marekani, wakajionee kazi za afya na kilimo, kisha wawaandikie wenzao nyumbani. Safari za namna hiyo hazifiki kirahisi kusini mwa Maniema. Hata hivyo waandishi wa kupita tumewapata, tena tangu zamani kuliko miji mingi ya Kongo, na kila mmoja aliletwa na mtu au shirika fulani. Ukimjua aliyemleta, unaanza kuelewa kwa nini aliona hiki na hakuona kile.

Soko la Nyangwe

Livingstone aliletwa na wafanyabiashara wa watumwa. Ni neno gumu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa adui wa biashara hiyo, na bado alisafiri na misafara yao, alikula chakula chao na kutibiwa majumbani mwao. Kabla ya kufika Nyangwe alikwama Kabambare, mahali anapopaandika Bambarre. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza ndani ya nyumba kwa siku 80. Huko, akiwa hana pa kwenda, aliandika juu ya mvua, juu ya nyumba za wenyeji na mashamba yao, na juu ya mnyama aliyemwita "soko". Msomaji wa Kabambare hahitaji kufafanuliwa: ni sokomutu. Hizo ni kati ya habari za kwanza za mazingira ya Maniema kuandikwa na mgeni kwa kirefu, na ziliandikwa kwa sababu mwandishi alishindwa kutembea.

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe. Alitaka mtumbwi wa kuvuka Lualaba, hakuupata. Kwa zaidi ya miezi mitatu alikaa akiangalia soko, ambako akina mama kwa mamia walikuja kutoka ng'ambo zote mbili za mto na samaki, kuku, chumvi na vyungu. Aliwapenda sana wale akina mama, na kurasa zake zimejaa kelele zao za kununua na kuuza.

Tarehe 15 Julai watu wenye bunduki, wa msafara wa mfanyabiashara aliyeitwa Dugumbe, waliingia sokoni. Ugomvi ulianzia kwenye bei ya kuku. Kisha risasi. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na wengi walizama mtoni. Waarabu wenyewe walimwambia Livingstone kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye aliondoka, akarudi Ujiji. Huko Stanley alimkuta, na mwaka 1872 Stanley alibeba barua na daftari zake hadi Uingereza. Habari ya Nyangwe iliwatikisa watu. Serikali ya Uingereza ilimtuma Bartle Frere Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar.

Si kila siku habari iliyoandikwa Maniema hufunga soko la Zanzibar. Lakini kuna upande wa pili wa hadithi hii, na huo ulijulikana juzi tu. Maandishi ya kwenye gazeti yalikuwa yamefifia hadi hayasomeki. Kundi la wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipiga picha zile kurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali, herufi zikajitokeza tena, na Novemba 2011 waliziweka bure kwenye intaneti. Ndipo ikaonekana kwamba daftari la kwanza na kitabu kilichochapwa mwaka 1874, baada ya kifo chake, havilingani kila mahali. Watafiti walijiuliza maswali kuhusu wapagazi wa Livingstone mwenyewe, watu aliotumiwa kutoka Zanzibar: je, mikono yao ilikuwa safi katika ukatili wa siku zile? Yaani hata shahidi huyu mkubwa, alipokuwa akinakili upya, alipunguza hapa na pale. Na katika ukurasa wa mauaji, majina tunayoyakuta ni ya wakubwa wa misafara. Akina mama wa sokoni wamebaki hesabu.

Wa kwanza kusimulia Kasongo kwa Kiswahili, simulizi ikachapwa kitabuni, alikuwa Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, aliyeufanya mji huu kuwa makao yake makuu. Maisha yake yalichapwa Ujerumani na Heinrich Brode mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa hiyo lugha yetu ina habari za Kasongo zaidi ya miaka mia moja sasa, ila msimulizi ni yule aliyeuza pembe na watu. Yeye hakuletwa na mtu. Alijileta, na hakuna anachojilaumu.

Madaktari waliokaa

Tuwaache watu wa misafara. Kuanzia mwaka 1971, Kasongo ilipata wageni wa aina nyingine: madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, waliofanya kazi pamoja na wauguzi wa Zaire. Mradi wa Kasongo haukuwa safari ya wiki moja. Ulitafuta njia ya kutunza afya ya wilaya nzima kwa vituo vidogo karibu na vijiji, na hospitali moja nyuma yao. Wazo hilo lilichangia mpango wa zone de santé, ambao hadi leo ndio unaogawanya nchi yetu kiafya. Mama anayempeleka mtoto kwenye kituo cha afya Kunda au Lusangi anatembea ndani ya ramani ambayo Kasongo ilisaidia kuichora.

Mwaka 1981 kundi hilo lilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 hadi 35. Chanjo iliongeza nafasi ya mtoto kuishi. Lakini waandishi waliongeza onyo lililowaudhi wengi: mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua anaweza kuchukuliwa na ugonjwa mwingine, ikiwa maisha yake mengine hayajabadilika. Wenzao wa nchi nyingine walibishana nao kwa miaka mingi. Sipo hapa kusema nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba onyo la namna hiyo haliwezi kuandikwa na mtu wa siku saba. Linahitaji mtu aliyerudi kwenye nyumba ile ile, akamkuta yule mtoto au akaambiwa hayupo tena.

Pikipiki za mwaka 2004

Agosti 2004, Tim Butcher, mwandishi wa gazeti la Daily Telegraph la Uingereza, aliondoka Kalemie kwa pikipiki akifuata njia ya Stanley. Alipita Kabambare, akafika Kasongo, akaendelea Kibombo hadi Kindu, na mwishowe bahari ya Atlantiki. Kitabu chake, Blood River, kilitoka mwaka 2007 na kilisomwa sana. Wazungu wengi wanaojua neno "Kasongo" leo wamelipata humo.

Nani alimleta? Pikipiki na vijana walioziendesha vilitoka shirika la CARE, lililokuwa na nyumba Kasongo. Bila wao asingefika, na mwenyewe anakiri hivyo. Aliona barabara ambazo ramani za Wabelgiji zilizionyesha kuwa za magari zikiwa zimekuwa njia za miguu. Aliwaona watu wakisukuma baiskeli zenye madumu ya mafuta ya mawese kwa mamia ya kilomita. Mama yake mzazi alipita Kongo mwaka 1958 kama msafiri wa kawaida. Mtoto, miaka 46 baadaye, alipita kama mtu anayekimbizwa. Kutokana na hayo alitoa wazo ambalo limenukuliwa mahali pengi, kwamba hapa wazee wamegusa mashine na magari kuliko wajukuu wao, na kwamba nchi hii haiendelei wala haijasimama, bali inarudi nyuma.

Wazo hilo lina ukweli, na mzee yeyote wa Kasongo anayekumbuka lori za pamba atalikubali kwa sehemu. Lakini angalia mwendo wa safari. Kabambare alipita mbio, kwa sababu ya usalama, na motari wake hawakutaka kulala ovyo njiani. Livingstone alilala Kabambare miezi, akatuachia mvua, nyumba na sokomutu. Butcher alipita na kutuachia hofu. Wote wawili walisema waliyoyaona. Tofauti ni muda waliokaa.

Na yule msukuma baiskeli, kwa mwandishi ni alama ya nchi iliyoanguka. Kwa Kabambare ni mfanyabiashara. Anajua bei ya mawese Kasongo na bei ya chumvi Kalemie, anajua mto gani una daraja na wapi kuna kizuizi cha kutoza pesa. Mwandishi wa maendeleo aliyetembea naye siku tatu tu angepata habari ya uchumi ambayo hakuna shirika lenye kuiandika.

Blogu ya Lomami

Blogu ya kweli, kwa maana ya leo, Maniema iliipata pia. Kuanzia mwaka 2007, Terese Hart na mume wake John, Wamarekani waliokwisha kuishi Kongo miaka mingi, waliongoza kazi ya kuchunguza msitu ulio kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba. Terese aliandika blogu kwa Kiingereza, Searching for Bonobo in Congo. Humo tulisoma habari za vikosi vilivyotembea kwa miguu wiki nzima, nyama ya porini inayosafirishwa kwa baiskeli, vijiji vinavyogombana juu ya mipaka ya kuwinda. Kutoka kazi hiyo alijulikana nyani mpya kwa sayansi, lesula, aliyeelezwa rasmi mwaka 2012. Wawindaji wa Lomami walikuwa wakimjua siku zote, ndio maana ana jina. Julai 2016 serikali ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Lomami, katika majimbo ya Tshopo na Maniema, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000.

Hapa mwandishi na mradi ni mtu mmoja, na jambo hili lina pande mbili. Blogu iliwaleta wafadhili, na bila wafadhili pengine hifadhi isingekuwapo. Ila msomaji wa blogu ya mradi anaona kwa jicho la mradi. Kinachonifanya niiheshimu ile ya Lomami ni kwamba iliandikwa kwa miaka, siyo kwa wiki, na iliandika pia kushindwa: wawindaji haramu waliorudi, mazungumzo yaliyovunjika. Anayeandika ili kufurahisha aliyelipa tikiti hawezi kuandika hivyo.

Sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Mwandishi wa Kongo anaijua bahasha inayoitwa coupage, ile pesa ya usafiri inayotolewa mwishoni mwa semina kwa waliokuja kuandika. Mwanablogu wa Washington analipiwa hoteli, mwandishi wa Kindu anapewa bahasha. Kiasi kinatofautiana, ugonjwa ni mmoja. Wote wawili wakirudi nyumbani wanakuta ni vigumu kuandika kwamba kisima walichoonyeshwa hakina maji.

Salamabila, dhahabu na njia ya kufika

Leo Kabambare ikitajwa nje ya Maniema, mara nyingi ni kwa sababu ya Salamabila na dhahabu ya Namoya. Milima ile ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Januari 2016 kampuni ya Banro, yenye makao Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara. Wachimbaji wa mikono waliokuwa wakiishi kwa vilima hivyo walitakiwa kuondoka, na malalamiko hayakuisha. Kundi la Mai-Mai Malaika lilijipatia nguvu humo. Mwaka 2017 wafanyakazi wa mgodi walitekwa, kati yao Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja, na kwa siku chache magazeti ya dunia yalijua Namoya iko wapi. Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Kati ya utekaji mmoja na mwingine, kimya. Na humo ndani ya kimya ndimo yalimo maisha ya watu: nani aliondolewa shambani na akalipwa nini, mto gani bado una samaki, maji ya kunywa yanatoka wapi, msichana aliyeacha shule akaenda kupepeta mchanga. Hizo ndizo habari za mazingira na maendeleo.

Sheria ya madini iliyofanyiwa marekebisho Machi 2018 imempa mwandishi kazi iliyo wazi kabisa. Inasema asilimia 15 ya ushuru wa madini iende kwa utawala wa eneo lenye mgodi, yaani sekta au chefferie. Inasema tena kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na iwe na cahier des charges, mkataba wa ahadi zake kwao. Mwandishi akifika Salamabila au mahali popote pa mgodi, anaweza kuuliza: karatasi hiyo iko wapi, nani aliisoma kwa Kiswahili mbele ya wananchi, shule iliyoandikwa humo imesimama au ni msingi tu wenye majani? Maswali hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji siku za kutosha, na mtu asiyekula mezani kwa anayeulizwa.

Na hapo tunarudi kwenye njia ya kufika. Anayekuja na ndege ya kampuni atalala kwa kampuni. Anayekuja na wanajeshi ataongea na watu wakiwa wamezungukwa na bunduki, nao watamjibu kama watu waliozungukwa na bunduki. Anayekuja na shirika ataonyeshwa kazi ya shirika. Anayekuja na motari wa Kasongo, aliyemlipa mwenyewe, atafika amechoka na mwenye vumbi, na atalala kwa mama fulani ambaye usiku atamweleza mambo. Huyo wa mwisho ndiye anayekosekana, na sababu ni pesa. Petroli ni ghali, rezo inapotea mara tu unapoacha mji, na mega za kutuma picha tatu zinaweza kula kipato cha siku.

Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo. Tangu 2016 Habari RDC, iliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la Uholanzi RNW Media, imewakusanya wanablogu Wakongomani wanaoandika juu ya majimbo yao, na wengi wao hawakusomea uandishi. Wamethibitisha kwamba kijana mwenye simu anaweza kuandika habari inayomsumbua gavana. Kwa Kabambare ugumu ni mwingine: anayeandika hapo anabaki hapo. Livingstone aliandika juu ya wauaji kisha akaondoka. Butcher alikuwa na pasipoti. Kijana wa Salamabila akiandika jina la mkubwa fulani, kesho atakutana naye sokoni. Shirika lenye pesa za kuleta wanablogu kutoka ng'ambo lingeweza kugawa bajeti hiyo mara mbili: nusu ya kumleta mgeni, kwa sababu mgeni husema kile mwenyeji hathubutu, na nusu ya kumlipa mwenyeji anayetembea naye, jina lake likaandikwa juu ya habari kama anataka, au likafichwa kama anaogopa. Na habari ikichapwa, irudi huku kwa Kiswahili, isomwe redioni Kasongo, watu waikosoe.

Kuhusu zile kurasa za Nyangwe: zipo kwenye intaneti, hailipwi kitu kuzisoma, ila ni kwa Kiingereza na picha zake ni nzito kufunguka kwa simu. Mwalimu wa historia wa Kasongo aliye na mega za kutosha anaweza kuwaonyesha wanafunzi mwandiko wenyewe, mistari ya rangi iliyokatiza juu ya matangazo ya London, na mahali ambapo kalamu inafika tarehe 15 Julai.

Anayetaka kufika Kabambare mwaka huu aandae safari kati ya Juni na Agosti. Mvua ikirudi, hata motari wanaoijua njia hupunguza safari, na anayekwama huko atakaa.